Pointi Nane kwa Pointi Nane: Mwongozo kwa Shabiki wa Amavubi Asiyejihadhari

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya shabiki wa Amavubi, timu yetu ya taifa ya Rwanda, mtu mwema anayeamini kwamba timu mbili zikimaliza kundi na pointi sawa, basi zimelingana. Mtu huyo yupo Remera, yupo Kimironko, na ndugu zake wengi wako Nyamirambo, kwenye vibaraza vya Biryogo, chai mkononi, wakiuliza swali lile lile kila mashindano ya kufuzu yanapokwisha: "Kama sisi tuna nane na wao wana nane, wao wanakwenda kwa nini?"

Wanakwenda kwa sababu kuna kitabu cha kanuni, na ndani yake kuna ukurasa wa kutenganisha timu zilizolingana pointi. Ukurasa huo hausomwi na mtu mpaka siku ya mwisho ya kundi, na siku hiyo kila mtu Kigali anakuwa mwanasheria. Fuata maelekezo yafuatayo, nawe hutaaibika mbele za watu.

1. Uliza kitabu kabla ya kuuliza matokeo

Ukiingia kwenye mabishano, usianze kwa kutaja mabao. Uliza kwanza: mashindano gani?

Katika kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON), shirikisho la soka la Afrika, CAF, wakikuta timu mbili zina pointi sawa hutazama mechi zilizowakutanisha wenyewe kwa wenyewe. Nani alivuna pointi nyingi zaidi katika mechi hizo? Wakilingana hapo, nani ana tofauti nzuri ya mabao katika mechi hizo hizo? Mabao uliyomfunga jirani mwingine wa kundi, hata yawe sita, hayaguswi mpaka hesabu ya wenyewe kwa wenyewe ishindwe kutoa jibu.

Katika kufuzu Kombe la Dunia la 2026, FIFA walipita njia ya kinyume. Walianza na tofauti ya mabao ya kundi zima, wakafuata na idadi ya mabao ya kufunga, ndipo wakaja kwenye nani alimfunga nani. Ligi yetu nayo inasimama upande huo: mwaka 2023 APR na Kiyovu Sports walimaliza wote na pointi 63, na kombe likaenda APR kwa tofauti ya mabao.

Kwa hiyo shabiki wa Kigali mwenye timu ya mtaani, timu ya taifa na tamaa ya Kombe la Dunia anatembea na vitabu vinavyopingana. Akivichanganya, atashangilia usiku ambao alitakiwa kulala mapema.

2. Usicheze muziki kabla ya kusoma

Usidhani kosa hilo ni la walevi wa mitaani tu. Tarehe 8 Oktoba 2011, Afrika Kusini walitoka sare ya 0-0 na Sierra Leone katika uwanja wa Mbombela, mjini Nelspruit. Niger, waliokuwa wakigombea nao nafasi, walikuwa wamefungwa Misri siku hiyo hiyo. Timu tatu, Afrika Kusini, Niger na Sierra Leone, zikamaliza na pointi 9 kila moja. Afrika Kusini walikuwa na tofauti nzuri ya mabao kuliko wote. Wakaridhika na sare, wakazunguka uwanja wakicheza, televisheni ya nchi ikiwaonyesha.

Lakini kitabu cha siku ile kilikuwa cha CAF, na kilianza na mechi za wenyewe kwa wenyewe. Katika hesabu hiyo Niger walikuwa juu. Niger wakaenda AFCON ya 2012, na Afrika Kusini wakabaki na picha za kucheza. Chama chao kilikata rufaa, kisha kikaiondoa, kwa kuwa hakuna hakimu anayeweza kumsaidia mtu ambaye hakufungua ukurasa.

Somo: ukiona watu wanarukaruka baada ya kipenga cha mwisho, usiruke. Muulize aliye karibu nawe kitabu ni kipi. Asipojua, kaa chini.

Kwa haki yao, Waafrika Kusini walijifunza. Tarehe 14 Oktoba 2025, katika uwanja ule ule wa Mbombela, walitufunga sisi 3-0 na kufuzu Kombe la Dunia. Walimaliza na pointi 18. Nigeria na Benin walikuwa na 17 kila mmoja. Na hiyo ni baada ya FIFA kuwapokonya pointi 3 kwa kumchezesha mtu aliyekuwa anatumikia adhabu ya kadi. Mwenye pointi zake mkononi hahitaji kuomba ukurasa.

3. Ushindi wa nyumbani unaweza kuwa nusu ya malipo

Sasa tuje kwenye kidonda chenyewe. Kundi D la kufuzu AFCON ya 2025 lilikuwa na Nigeria, Benin, Libya na Rwanda, na timu mbili za juu zilikuwa zinakwenda Morocco.

Tarehe 11 Oktoba 2024 Benin walitukaribisha Abidjan, kwa kuwa kwao hawakuwa na uwanja uliokubaliwa, wakatufunga 3-0. Siku nne baadaye walikuja Remera. Uwanja wa Amahoro ulikuwa bado unanukia rangi mpya, umefunguliwa tena Julai ya mwaka huo ukiwa na viti 45,000. Benin walitangulia kufunga, sisi tukarudi kipindi cha pili, tukashinda 2-1. Mji ulilipuka. Pikipiki zilipiga honi kutoka Remera mpaka Gikondo, na watu walizungumza kama deni limelipwa.

Mtu mwenye mwongozo huu angewaambia wenzake kwa upole: tulikopa matatu, tumerudisha moja. Tulishinda mara moja, wao mara moja, hivyo pointi za wenyewe kwa wenyewe ni 3 kwa 3. Mabao ni 4 kwa 2, ya Benin. Ili tulingane nao tulitakiwa kushinda kwa tofauti ya matatu. Mabao matatu ya Abidjan, yale ambayo kila mtu aliyasahau tulipopata la pili Remera, yalikuwa yameshika mlango wa Morocco tangu usiku ule.

Lakini usiyaseme hayo usiku wa ushindi. Mwongozo huu unajali pia usalama wako.

4. Wajue utakaokutana nao siku ya mwisho

Siku ya mwisho ya kundi ilikuwa tarehe 18 Novemba 2024. Rwanda walikuwa Uyo kwa Nigeria, Benin walikuwa Tripoli kwa Libya. Ukijikuta katika jioni ya namna hiyo, utakutana na watu wafuatao.

Wa kwanza ni Mzee wa 2004. Huyu alikuwepo Julai 2003 Jimmy Gatete alipoifunga Ghana hapa Kigali, au anasema alikuwepo. Ukihesabu wote wanaosema walikuwepo, uwanja ule ulikuwa mkubwa kuliko mji. Atakukumbusha kwamba kundi lile la kufuzu AFCON ya 2004 lilikuwa na Ghana na Uganda, na Rwanda ikaongoza kwa pointi 7 bila kuomba msaada wa kanuni yoyote. Msikilize kwa heshima. Ana haki.

Wa pili ni Kijana wa Simu. Ana jedwali linalojibadilisha lenyewe, anatangaza kila dakika: "Sasa hivi tumefuzu! Sasa hivi hatujafuzu!" Jedwali lake huenda linapanga timu kwa tofauti ya mabao ya kundi zima, kwa sababu aliyelitengeneza hakujua ni kitabu kipi. Usimwamini mpaka aonyeshe msimamo wa CAF wenyewe.

Wa tatu ni Mwombezi. Mpaka jana hakuwa na habari na Libya. Leo anaijua Libya nzima, anawaita ndugu zetu, anawaombea mvua ya mabao Tripoli. Chunga sana usiwe huyu, ingawa utakuwa huyu.

Wa nne ni dada mmoja anayeuza chapati, ambaye hafuatilii mpira. Atauliza swali moja tu: "Kwani nyie mliishia wapi na hao Libya wenyewe?" Kimya kitatanda. Swali lake tutalirudia, kwa kuwa ndilo swali la maana kuliko yote ya jioni ile.

Huko Uyo, Nigeria walitangulia. Dakika ya 72 Ange Mutsinzi akasawazisha, na dakika tatu baadaye Innocent Nshuti akafunga la pili. Rwanda 2, Nigeria 1, nyumbani kwa Nigeria. Kijana wa Simu alipanda juu ya meza. Tripoli ikaisha 0-0. Nigeria pointi 11, Benin 8, Rwanda 8, Libya 5. Benin wakaenda Morocco.

5. Usilaumu ukurasa kabla ya kujaribu kurasa nyingine

Malalamiko yalianza kabla ya taa za uwanja wa Uyo kuzimwa. Kwamba kanuni ya wenyewe kwa wenyewe ni ya uonevu. Kwamba kumfunga Nigeria kwake kunatakiwa kuhesabiwa zaidi.

Basi chukua kalamu ujaribu kitabu cha FIFA. Tofauti ya mabao ya kundi zima: Benin walifunga 7 wakafungwa 7, sifuri. Rwanda tulifunga 5 tukafungwa 7, hasi 2. Benin wanakwenda. Jaribu mabao ya kufunga peke yake: 7 kwa 5. Benin wanakwenda. Fungua ukurasa wowote wa kitabu chochote kinachotumika katika bara hili, jibu ni hilo hilo.

Ukitaka kuonewa huruma kwa haki, mtafute mtu wa Burkina Faso. Katika kufuzu Kombe la Dunia la 2026, timu nne bora za nafasi ya pili zilipewa mlango wa nyuma. Kwa kuwa Eritrea walijitoa na kundi moja likabaki na timu tano, ikaamuliwa kwamba kila timu ya pili ifutiwe matokeo yake dhidi ya timu ya mwisho ya kundi lake. Burkina Faso walikuwa na pointi 21. Nigeria walikuwa na 17. Burkina Faso walikuwa wamewafunga Djibouti mara mbili, zikafutwa pointi 6. Nigeria walikuwa wametoka sare mara mbili na Zimbabwe, zikafutwa 2. Wote wakabaki na 15, na tofauti ya mabao ikawabeba Nigeria. Yaani aliyemshinda mnyonge aliadhibiwa, na aliyeshindwa kumfunga mnyonge alisamehewa. Ukimweleza jambo hili Mzee wa 2004, mwandalie kiti kwanza.

6. Heshimu kadi ya njano, na uogope bakuli

Ikiwa pointi, mabao na mechi za wenyewe kwa wenyewe zote zimelingana, FIFA huhesabu nidhamu. Kadi ya njano ni hasi 1, nyekundu ya moja kwa moja ni hasi 4. Senegal wanajua. Katika Kombe la Dunia la 2018 walilingana na Japani kwa kila kitu: pointi 4, mabao 4 ya kufunga na 4 ya kufungwa, sare ya 2-2 walipokutana. Japani walikuwa na njano 4, Senegal 6. Japani walipojua hivyo, wakazipitisha dakika za mwisho wakipasiana mpira nyuma huku wanafungwa 1-0 na Poland, uwanja mzima ukizomea. Wakafuzu.

Kwa hiyo yule beki unayemshangilia kwa kumkata mtu katikati ya uwanja timu ikiwa inaongoza, anachezea fedha zako za tiketi ya ndege.

Na kadi zikishindwa, au pale ambapo kanuni hazizihesabu, kuna bakuli. Januari 2015, kwenye AFCON ya Guinea ya Ikweta, Guinea na Mali walitoka sare ya 1-1 katika mechi zao zote tatu kila mmoja. Ikabidi wakutane Malabo siku ya pili, si kwa mpira bali kwa kura. Guinea wakapita. Wachezaji wa Mali walirudi nyumbani bila kufungwa na mtu.

7. Usidharau nafasi ya tatu

Tangu 2019 AFCON ina timu 24, na timu nne bora za nafasi ya tatu huingia raundi ya mtoano. Hapo ndipo watani wetu wa Dar es Salaam walipotufundisha adabu. Katika AFCON iliyoanza Desemba 2025, Taifa Stars hawakushinda mechi hata moja ya kundi. Walifungwa 2-1 na Nigeria, wakatoka sare ya 1-1 na Uganda, kisha 1-1 na Tunisia kwa bao la Feisal Salum. Pointi 2. Angola nao walikuwa na pointi 2, na tofauti ya mabao ya wote wawili ilikuwa hasi 1. Ila Tanzania walifunga mabao 3, Angola 2. Tanzania wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yao, wakatolewa na wenyeji Morocco kwa 1-0 tu.

Kabla hujacheka, kumbuka Tunisia 2004. Rwanda tulifungwa 2-1 na wenyeji, tukatoka sare ya 1-1 na Guinea, tukawafunga Kongo 1-0. Pointi 4, nafasi ya tatu, kwaheri, kwa sababu wakati ule walipita wawili tu. Tangu mfumo wa timu 24 uanze, hakuna timu ya nafasi ya tatu yenye pointi 4 iliyoachwa nje. Tulizaliwa mapema.

Mkenya naye atakuambia kwamba nafasi ya tatu si hakika. Mwaka 2019 Harambee Stars walipata pointi 3 kwa kuifunga Tanzania 3-2, lakini Algeria na Senegal walikuwa wamewafunga jumla ya 5-0. Hasi 4. Wakafungasha.

8. Ukizidiwa, watazame Wamarekani

Unaona hesabu zetu ni ngumu? Kwenye ule mpira wao wa helmeti, ligi ya NFL ina timu 32 katika makundi madogo nane, kila timu inacheza mechi 17, na timu 14 zinaingia mtoano zikiwa zimepangwa kwa namba. Namba moja wa kila upande wa ligi anapumzika raundi ya kwanza, hivyo watu hugombea namba kama tunavyogombea kufuzu.

Wakilingana, huanza na wenyewe kwa wenyewe, kama CAF. Kisha rekodi ndani ya kundi dogo, kisha mechi dhidi ya wapinzani wa pamoja, kisha rekodi dhidi ya timu za upande wao. Bado wamelingana? Hujumlishwa ushindi wa timu ulizozifunga. Maana yake, uliyemfunga Septemba akiharibu Desemba, unaharibikiwa wewe. Huko shabiki mwerevu huiombea dua kila timu ambayo timu yake iliwahi kuifunga. Mwisho kabisa wa orodha, baada ya ngazi zote hizo, wanarusha sarafu.

Kwa hiyo akija mgeni kutoka huko akakuambia soka letu lina bahati nasibu nyingi, mpe chai, umwonyeshe sarafu.

9. Sasa mjibu dada wa chapati

Tarehe 14 Novemba 2024, siku nne kabla ya Uyo, Libya walikuja Kigali. Walikuwa wa mwisho katika kundi, na walikuwa wamepewa kipigo cha 3-0 mezani kwa ile kadhia ya timu ya Nigeria kuzuiwa kwenye uwanja wa ndege huko Libya. Tulicheza nao nyumbani, mechi ikielekea ukingoni bila bao. Dakika za mwisho wakatufunga. 0-1.

Piga hesabu. Sare ile ya 0-0 ingebaki, Rwanda tungemaliza na pointi 9 na Benin 8. Hakuna kitabu kingefunguliwa, Abidjan isingetajwa, Mwombezi asingehitaji kujua Tripoli iko wapi. Pointi moja, nyumbani, dhidi ya timu ya mwisho.

Kanuni za kutenganisha timu hazijawahi kumtoa mtu aliyekusanya pointi zake. Zinawahusu waliobakiza. AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa Kenya, Uganda na Tanzania, na mbili kati ya nchi hizo tunapakana nazo. Safari hiyo shabiki anaweza kwenda kwa basi. Basi soma kanuni za kufuzu siku makundi yanapopangwa, si siku ya mwisho, na ukienda Amahoro kutazama mechi na timu dhaifu, shangilia kama unacheza na Nigeria. Hiyo ndiyo mechi inayoamua.